Jiwe Alilolitafuta Bibi

Kanisa la zamani lina harufu yake, na wala si ya ubani kama wengi wanavyodhani. Ni harufu ya jiwe lililolowa miaka na miaka bila kuanikwa, ya nta ya mishumaa, ya vitabu vya nyimbo vilivyoshikwa na mikono mingi, na ya ile dawa ya kung'arishia mbao inayonukia kama asali iliyoungua. Juzi nilialikwa harusi ya mfanyakazi mwenzangu kwenye kanisa moja la mawe huku kusini mwa London, na nilipovuka tu kizingiti harufu ile ikanipiga puani. Wenzangu walikuwa wanatazama maua na kofia za akina mama. Mimi nilitazama sakafu. Mume wangu akaniuliza kuna nini, nikamwambia hakuna kitu. Ningeanzia wapi? Ilibidi nitoke nje kidogo nipumue, maana nilikuwa nimerudi kuwa mtoto mdogo wa shule, na nilikuwa na hakika kabisa kwamba mama yangu anakufa.

Ninyi mliokulia Thamesmead, kule pembezoni mwa London, miaka ile hamhitaji kuelezwa sana. Baba alikuwa anaendesha basi. Mama alikuwa anafanya shifti za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na mimi nilikuwa na ufunguo wa mlango shingoni. Mama akiniuliza jambo kwa Kiswahili namjibu kwa Kiingereza, naye anaendelea kwa Kiswahili, wala hakuna aliyeona ajabu. Mwaka ule Mama alianza kuchoka. Akirudi asubuhi anakaa ukingoni mwa bafu na koti lake mwilini, mkono tumboni, macho sakafuni. Nikimuuliza ana nini ananiambia, "Wewe hujachelewa shule?"

Jioni moja nikiwa nyuma ya mlango wa jikoni nikamsikia akiongea na Bibi, mama yake mzazi, kwenye simu. Mama yangu ni mtu wa sauti. Siku hiyo sauti ilikuwa ndogo, kama ya mtoto aliyevunja kitu.

"Mama, wameona uvimbe. Watanipasua."

Neno hilo nilikuwa nalijua vizuri. Kuna mama mmoja tuliyekuwa tukisali naye ibada ya Kiswahili, akikaa Peckham, alikuwa na uvimbe. Tulijazana kwenye fleti yake, viti vya kuazima mpaka kwenye korido, wakubwa wanaimba mapambio, sisi watoto tunakula pilau kwenye sahani za karatasi. Baada ya hapo wakasema amerudishwa nyumbani, na mtoto si mjinga, nilijua amerudishwa ndani ya sanduku. Kwa hiyo kwangu uvimbe ulikuwa na mwisho mmoja tu. Hakuna aliyenieleza lolote. Kwetu ugonjwa ni mambo ya wakubwa. Mtoto anaambiwa nenda kacheze, naye anakwenda, ila hachezi.

Halafu Bibi akaja. Tulikwenda kumpokea Heathrow, akatokea akisukuma mizigo na kilemba chake cheupe, amevaa sweta mbili na makoti mawili, moja juu ya jingine. Bibi alikuwa mtu wa Machame, kule Kilimanjaro, mpishi mkuu mstaafu wa shule ya bweni, na sauti yake ilikuwa imezoea kuita wanafunzi mia tano kuja kula. Akamkumbatia Mama, akamgeuza huku na huku kama anayekagua kuku sokoni, akasema, "Umekonda. Nani anakupikia?" Baba akajifanya anatafuta tiketi ya maegesho.

Tukiwa njiani kurudi akatangaza ratiba yake. "Nimekuja kumwangalia binti yangu mpaka apone. Na nikipata nafasi, nataka kuona makanisa. Makanisa ya zamani, yale ya mawe. Nimeimba kwaya tangu msichana, nimepata neema ya kufika huku, nirudi sijayaona?"

Ilikuwa likizo ya shule. Mama alihitaji kulala mchana na nyumba yetu ilikuwa na kuta nyembamba, kwa hiyo kila asubuhi Bibi alikuwa akinifunga skafu mpaka nakosa pumzi, anapika mtori wa Mama, ile supu nzito ya ndizi, anauacha umefunikwa mezani, kisha tunatoka. Tunapanda treni Abbey Wood, tunashuka London Bridge, tunavuka mto kwa miguu. Katikati ya jiji makanisa yamejificha. Unapita kwenye majengo ya vioo ya mabenki, unakata kichochoro, mara hili hapa, dogo, jeusi kwa masizi, na bustani yenye ukubwa wa khanga. Bibi aliyanusa kwa mbali. "Kengele ile," anasema, na tayari ameshavuka barabara, mimi naning'inia mkononi.

La kwanza lilikuwa kubwa kupindukia, lenye kuba, na mlangoni wakatudai kiingilio. Nilimtafsiria. Bibi akamtazama yule kijana wa tiketi kwa huruma ya kweli.

"Mwambie mimi nimekuja kusali. Kama Mungu mwenyewe anadai, sawa. Kama ni yeye, asubiri."

Sijui nilitafsiri nini, lakini tulipita. Akasali kweli, dakika chache, akainua macho kwenye kuba akasema, "Haya, wamejitahidi," kama mtu anayemsifia jirani aliyepaka rangi ukuta. Baada ya hapo tukawa tunakwenda madogo, yasiyo na watu wa tiketi.

Tatizo lilikuwa sakafu. Kama mmewahi kuingia kwenye makanisa hayo mnajua, watu wamezikwa mle mle ndani, chini ya miguu ya waumini. Sakafu nzima ni mawe ya makaburi, majina yamesagwa na viatu. Wageni wanatembea juu yake wakipiga picha. Bibi hakuweza. Kwao kaburi liko shambani nyuma ya nyumba, kati ya migomba, na mtoto akilikanyaga anachapwa kwanza, anaelezwa baadaye. Mara ya kwanza alipotambua amesimama juu ya nini aliruka kama amekanyaga moto. "Yesu wangu! Aika, mjukuu wangu! Hawa watu wako chini hapa?" Tangu siku hiyo tukawa tunapita kanisani kwa kukwepa, tumejibana ukutani, tunavuka kwenye nyufa, Bibi amekunja sketi, anasema kwa sauti ya heshima kabisa, "Hodi jamani. Samahanini, tunapita. Samahani baba. Samahani mama." Nilikuwa nataka sakafu ipasuke inimeze na mimi.

Lakini aibu nilikuwa naiweza. Kitu ambacho sikukiweza kilianza kwenye kanisa la tatu au la nne. Bibi alisimama mbele ya jiwe moja. Akaingiza mkono kifuani akatoa uzi mweusi wa kushonea, akachuchumaa, akaanza kupima. Urefu. Upana. Akafunga fundo. Akapitisha kidole ndani ya herufi kuona zimechimbwa kina gani. Akagonga jiwe kwa kucha na kutega sikio. Kisha akatikisa kichwa, "Hili hapana," akasimama, tukaendelea.

Kanisa lililofuata, hivyo hivyo. Na lililofuata. Akawa hatazami tena madirisha ya rangi wala dari. Kwenye lile kanisa la mviringo lenye mashujaa wa vita wa mawe waliolala chali sakafuni, panga ubavuni, mimi nilisimama mbali nikiamini ni watu kweli walioganda. Bibi akawapita bila hata kuwasalimu, akaenda moja kwa moja kwenye jiwe bapa kule pembeni na uzi wake.

Hesabu ya mtoto ni fupi. Mama ana uvimbe. Mama yake Mama ametoka mbali. Anazunguka anapima mawe ya makaburi. Kuna nini tena hapo cha kuuliza? Bibi alikuwa anamchagulia Mama jiwe, na mimi ndiye niliyekuwa namshika mkono kumvusha barabara aende kulichagua. Usiku nilikuwa nikilala na shati la kazi la Mama chini ya mto, lenye harufu ya sabuni ya hospitali, na asubuhi nikiamka jambo la kwanza ni kwenda kumsikiliza anavyopumua.

Nikaanza kupigana vita kwa silaha niliyokuwa nayo, yaani tafsiri. Siku moja mzee mmoja anayehudumia wageni kanisani, mpole, mwenye beji na sweta la kijani, alitukuta tumechuchumaa. Bibi akafurahi. "Mwulize huyu baba, jiwe kama hili linachukua muda gani kuchongwa? Na ni nani anayeyachonga?"

Nikamwambia yule mzee kwamba bibi yangu anaomba aonyeshwe choo.

"Ah, bila shaka," akasema, akatuongoza kwa adabu zote, kushuka ngazi, korido, kona, mpaka mbele ya mlango wa choo. Akauelekeza kwa mkono. Bibi akautazama mlango, akamtazama mzee, akanitazama mimi.

"Fundi anakaa humu?"

Nikamwambia fundi amesafiri. Bibi akasema basi na aingie humo humo, asipoteze safari, akaingia. Yule mzee akanitabasamia. Leo nikikumbuka nacheka peke yangu jikoni, lakini wakati ule nilisimama pale koridoni nikijiambia nimempatia Mama siku moja zaidi.

Ikaja siku ya jiwe lenyewe. Lilikuwa kanisa dogo, halina mtu, mvua inapiga madirisha. Jiwe lilikuwa karibu na ukuta, la kijivu, pana, limezungushiwa maua yaliyochongwa, na herufi zake zilikuwa kali kana kwamba fundi ameondoka jana. Bibi akapima. Akagonga. Akapitisha kidole. Akachuchumaa pale muda mrefu, uso ukalainika, akasema polepole, "Hili. Hili ndilo."

Sikufikiri. Nilijitupa juu ya lile jiwe, kifudifudi, nikalikumbatia. Lilikuwa la baridi mpaka kwenye meno.

"Aika! Inuka! Unamlalia mtu!"

Nikampigia kelele kwa Kiingereza, maneno ambayo mtoto wa Kiswahili hamwambii bibi yake. Nikaona hanielewi, nikarudia kwa Kiswahili changu cha kuokoteza. "Usimchagulie Mama jiwe! Mama hafi! Rudi kwenu na uzi wako, Mama hafi!"

Kisha nikamwona yeye, ambaye alikuwa akikwepa kila jiwe, anakaa chini taratibu pembeni yangu na makoti yake mawili, mgongo ukutani, mkono mdomoni.

"Jiwe la mama yako," akasema. "Mimi. Mimi nimtafutie mwanangu jiwe." Macho yakamjaa. "Nani amekwambia neno baya hivyo?"

"Hakuna. Nimeona mwenyewe."

Akanivuta mapajani. Akajifuta kwa ncha ya kilemba, akanifuta na mimi kwa hiyo hiyo. Halafu akaanza kunieleza, na kadiri alivyoeleza hasira yake ya kawaida ikawa inarudi, nami nikawa napata nafuu kwa kuisikia. Lilikuwa jiwe la Babu. Babu alikuwa amefariki kabla sijaanza shule, na kaburi lake bado lilikuwa tuta la udongo na msalaba wa mbao, likisubiri ukoo ukusanyike kulijengea, kama desturi ilivyo.

"Na wajomba zako unajua wanataka kumwekea nini? Vigae! Vigae vyeupe vya bafuni! Mtu aliyefundisha watoto kusoma kijiji kizima, alale chini ya bafu! Kwa jirani waliweka, mvua moja tu, vyote vimepasuka, kuku wanadonoa katikati. Mimi nikasema hapana. Ninakwenda huko kwa Wazungu, nitaangalia wanafanyaje, mawe yao mbona yamekaa. Nipime, nirudi, nimwonyeshe fundi wetu. Urefu huu, upana huu, herufi zichimbwe hivi. Ni hilo tu, mjukuu wangu. Babu yako hapendi mambo ya kubabaisha."

Nikamuuliza, sasa uvimbe?

Hapo ndipo Bibi alipofanya kitu ambacho mtu mzima yeyote nyumbani hakuwa amekifanya. Hakuniambia nenda kacheze. Aliniambia kweli.

"Mama yako ana uvimbe tumboni. Alhamisi wanamtoa. Kuna uvimbe wa kawaida, wanawake wengi wanao, hata mimi nilikuwa nao. Na kuna ule mbaya. Wa mama yako hawajajua ni upi mpaka wamfungue. Na mimi sijui. Naogopa kama wewe. Ndiyo maana natoka nyumbani kila siku napima mawe ya watu, maana nikikaa pale namtazama anavyolala, nitapiga mayowe."

Akaukunja uzi, akaurudisha kifuani. Hatukupima tena. Tulikaa tu pale, mvua ikapungua, na nilikuwa naogopa bado, lakini hofu ya watu wawili ni nyepesi kubeba. Njiani akaninunulia chipsi, akala nyingi kuliko mimi.

Alhamisi Baba alimpeleka Mama hospitali alfajiri. Watoto hawakuruhusiwa kusubiri kule ndani, kwa hiyo Bibi na mimi tukatafuta kanisa la karibu, kama watu wengine wanavyotafuta mgahawa. Lilikuwa la zamani sana, nguzo nene, limebanwa kati ya reli na soko, treni zikipita juu kila kitu kinatetemeka kidogo. Tukakaa benchi la nyuma. Bibi hakusali kwa sauti. Alikuwa na simu ya Baba ya akiba, ameishika kwa mikono miwili kama yai, na kila baada ya muda ananipa niangalie kama bado inafanya kazi. Watalii waliingia, wakatoka. Mwanamke mmoja akafanya mazoezi ya kinanda, akikosea mahali pale pale, akirudia. Mikono ya Bibi ilikuwa ya baridi. Niliiweka mfukoni mwa koti langu, mmoja mmoja.

Simu ilipolia Bibi aliiangusha. Mimi ndiye niliyeiokota chini ya benchi, mimi ndiye niliyeipokea.

"Aika?" Baba alikuwa anahema. "Mwambie Bibi. Ametoka. Ameamka. Daktari anasema ni ule wa kawaida. Umesikia? Ule wa kawaida, wote wameutoa."

Niligeuka. Sikuhitaji kutafsiri chochote. Nikasema, "Ni ule wa kawaida."

Bibi akasimama. Akavuta pumzi, makoti yake yakapanda, akaweka kiganja mdomoni na kupiga vigelegele. Sijui kama mawe yale yalikuwa yamewahi kusikia kitu kama kile tangu yajengwe. Vilipanda kwenye nguzo, vikazunguka darini, vikarudi, naye akavipokea akapiga vingine. Kinanda kikakatika. Mtalii mmoja akajificha nyuma ya nguzo. Padri akatoka mbio upande wa madhabahu, kanzu mkononi hajaivaa, akiuliza nani ameumia, na Bibi akamdaka katikati ya njia, akamkumbatia akamwinua kabisa kutoka sakafuni, huku akimwambia kwa Kiswahili, "Baba, mwanangu mzima! Mwanangu mzima!" Mimi nililia kwa sauti, nikaruka, nikalia tena. Yule padri alinitazama juu ya bega la Bibi, nikamweleza, naye akatoa macho, akaanza kucheka, akasema watu wake wapige na kengele kule juu kama wanaweza. Hawakuweza. Mwenye ufunguo hakuwepo. Bibi akasema si kitu, yeye anatosha.

Jioni wakaturuhusu kumwona. Wodi ilikuwa ndefu, vitanda pande mbili, wanawake wa Kiingereza wamelala na magazeti yao, kila mmoja na pazia lake na kimya chake. Mama alikuwa kitanda cha mwisho. Mimi nilitaka kukimbia, lakini Bibi alinishika kola. Kwao huwezi kuingia wodini ukawapita wagonjwa wengine kama magunia. Akaanza na kitanda cha kwanza. "Pole mama." Akampa mkono, akamgusa paji la uso, akaniambia nisalimie. Kitanda cha pili. "Pole sana, mama, Mungu akuponye." Wengine walishtuka, wengine wakatabasamu. Bibi kizee mmoja wa Kizungu, mweupe kama shuka lake, akaung'ang'ania mkono wa Bibi hataki kuuachia, nasi tukasimama pale mpaka aliporidhika.

Kutoka mwisho wa wodi nikasikia sauti, kavu, imechakaa, lakini ile ile kubwa ya siku zote.

"Mama! Jamani! Mgonjwa wako ni mimi, niko huku!"

"Nakuja! Unadhani hawa hawana mama zao?"

Nikaponyoka. Nilipofika, Mama alikuwa amefumba macho, mabega yanatetemeka, mkono ameubana tumboni. Kisha nikaona anacheka. Anacheka na machozi yanamtoka, anajizuia, anashindwa.

"Mwambie aache," akaniambia, akinivuta kichwa shingoni kwake. "Mwambie bibi yako asinichekeshe. Nyuzi zitafumuka."

Sikumwambia.